SELinux inakula prosesa: kabla hujaongeza droo, angalia unaulizwa maswali mangapi

Mkuu mtoa mada, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema seva yako hapo Njiro inapoteza muda mwingi wa prosesa ndani ya kerneli (kiini cha Linux), ukapiga perf (kipimo cha nani anakula prosesa) ukaona avtab_search_node, inayotafuta kanuni za SELinux, imekaa juu kabisa. Sasa unauliza kama ukikompaili kerneli mwenyewe, ukabadilisha fomula ya heshi (inayoamua kila kanuni ikae droo gani ya jedwali) na kupanua jedwali, utapona. Na kuna mchangiaji kakujibu "zima SELinux ukalale", yaani zima ule ulinzi wa Linux unaofuata sera kuamua nani aguse nini. Mimi nipo Moshi, nilianzia hapohapo ulipo na ilinichukua karibu wiki mbili kutoka.

Nianze na hilo la kuzima. Ukiandika setenforce 0 hujazima chochote. Kerneli inaendelea kuiuliza sera kila swali kama kawaida, ila jibu likiwa "hapana" inaliandika kwenye logi halafu inapitisha. Kazi ya kutafuta iko palepale. Nililijua hilo saa nane usiku, nikiwa nimekodolea macho grafu nikisubiri ishuke.

Sasa habari ya fomula. Zamani nilifanya kazi ya likizo kwenye ofisi ya vifurushi vya basi hapa mjini. Kabati la risiti lilipangwa kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Mtu wa Kilimanjaro ameshaanza kucheka. Massawe, Mushi, Mosha, Minja, Mallya, Macha, Mtui, Mmari, Mlay, wote droo moja. Droo ya Q na ya X sikumbuki kuzifungua. Ikifika Desemba, watu wanarudi nyumbani na mizigo imetangulia, unapekua droo ya M mpaka kiuno kinauma. Bosi akaleta kabati la pili. Haikusaidia kitu, kwa sababu utaratibu wa kupanga ulikuwa uleule, na Mushi bado ni M.

Avtab ilikuwa na ugonjwa huohuo. Hilo ndilo jedwali linalobeba kanuni za sera, na ufunguo wake ni namba tatu kuu: aina ya anayeomba, aina ya kinachoombwa, na tabaka la kitu chenyewe (faili, saraka, soketi na kadhalika). Fomula ya zamani ilikuwa inasogeza biti kidogo na kujumlisha. Namba za aina ni ndogo na zinafuatana, kwa hiyo zilirundikana. Mwaka 2015 ikabadilishwa ikaja inayotokana na MurmurHash3, na vipimo vilivyoambatana na mabadiliko yale vinaeleza kuliko mimi. Kanuni zilikuwa 101,421 ndani ya droo 2,048, na mnyororo (foleni ya kanuni ndani ya droo moja) mrefu kuliko yote ulikuwa na kanuni 374. Kwa fomula mpya, droo zilezile, ukashuka hadi 81. Halafu droo zikaongezwa hadi 32,768, mnyororo ukabaki na 12. Waliohusika walisema wazi kwamba kuongeza droo kwa fomula ya zamani kusingeleta nafuu ya maana. Kabati la pili la bosi wangu, kabisa.

Kwa hiyo mkuu, piga uname -r uone toleo la kerneli. Kama kerneli yako si ya kale, kazi unayotaka kuifanya ilishafanywa. Usijisumbue kukompaili.

Mbona sasa avtab_search_node iko juu? Kwa sababu inaitwa mara nyingi mno, hata kama kila mwito ni mwepesi. Hapa ndipo nilipopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mbele ya avtab kuna kashe (akiba ya majibu yaliyokwishatolewa), AVC. Swali likija, kerneli inaangalia kwanza humo. Likikosekana ndipo inakwenda kukokotoa jibu kwenye sera, na ukokotoaji huo haufungui droo mara moja. Kila aina imo ndani ya makundi kadhaa ya sera, na kanuni inaweza kuwa imeandikiwa kundi badala ya aina. Kerneli inachukua makundi yote ya muombaji, inayazidisha na makundi yote ya kinachoombwa, na kila jozi inatafutwa kwenye avtab. Muombaji akiwa kwenye makundi 20 na faili kwenye 15, kukosa kashe mara moja ni kutafuta mara 300. Ukipunguza mnyororo umeokoa senti kwenye kila tafuto. Ukizuia lile kosa la kashe umeokoa mia tatu zote.

AVC nayo ni jedwali la heshi, dogo: kwa kawaida droo 512, na kikomo cha majibu 512. Kikizidi, kerneli inatupa majibu 16 kwa mpigo kupisha mapya. Piga cat /sys/fs/selinux/avc/hash_stats. Kwangu ilitoka droo 318 kati ya 512 zimetumika, mnyororo mrefu 6. Nikaruka: droo karibu mia mbili ziko tupu, fomula mbovu! Si kweli. Ukirusha risiti 512 kwa bahati nasibu kwenye droo 512, takribani 188 zitabaki tupu, ndivyo hesabu ya bahati nasibu ilivyo. Ya kukutisha ni kama droo 100 ndizo zimebeba kila kitu na mnyororo una 30. Mimi sikuwa na shida hiyo.

Shida ilionekana nilipoacha avcstat 5 ikitembea, inachapa takwimu za AVC kila sekunde tano. Safu ya makosa (maswali yaliyokosa jibu kwenye kashe) ilikuwa inapanda bila kupumzika, na safu ya majibu yanayotupwa ikipanda nayo. Kashe ilikuwa inajaa na kumwagwa, inajaa na kumwagwa.

Nikafanya ujinga. Kikomo kinabadilishwa kwa kuandika namba kwenye /sys/fs/selinux/avc/cache_threshold, nikaweka 65536. Makosa yalipungua kweli, lakini droo zimebaki 512, maana kikomo hakigusi idadi ya droo. Gawanya mwenyewe: majibu 128 kila droo yakijaa. Perf ikanionyesha avc_lookup imepanda kileleni badala ya ile ya mwanzo. Nimehamisha foleni kutoka dirisha moja hadi jingine. Baadaye nilitulia kwenye 2048, wastani wa majibu manne kwa droo, na kumbuka namba hiyo inarudi ya zamani ukiwasha upya seva, kwa hiyo iweke kwenye huduma ya kuwashia.

Chanzo chenyewe kilikuwa kontena, yaani programu zinazofungiwa kila moja peke yake. Tulikuwa na mfumo wa kampuni ndogo inayopandisha watalii mlimani, na kila risiti iliyopakiwa ilizalisha kontena jipya, likafanya kazi sekunde mbili, likafa. Kila kontena linapewa kwenye lebo yake ya SELinux jozi ya kategoria (namba za kulitenga na mengine) kwa bahati nasibu kati ya 1,024, yaani jozi 523,776 zinazowezekana. Aina ni ileile na kanuni ni zilezile, ila lebo ni mpya. AVC inatambua lebo nzima, si aina pekee. Hivyo kila kontena linauliza upya maswali ambayo yameshajibiwa mara elfu, na jibu linarudi lilelile. Tena orodha ya lebo ndani ya kerneli haifuti; angalia /sys/fs/selinux/ss/sidtab_hash_stats uone inavyonenepa tangu seva iwashwe.

Tiba yangu: kazi za mteja mmoja zote nikazipa jozi moja ya kudumu, --security-opt label=level:s0:c100,c200, na mteja mwingine jozi yake. Gharama ipo, nisikufiche. Kontena zenye jozi moja SELinux haizitenganishi tena, moja likidukuliwa linaweza kugusa faili za jirani yake. Kwa risiti za kampuni moja nilikubali. Kwa wateja tofauti sikubali, na wewe usikubali hata ukibembelezwa.

Baada ya hapo makosa yaliisha isipokuwa yalipanda ghafla kila dakika tano, kama saa. Kijana wetu mmoja alikuwa ameweka cron (kazi ya kujirudia kwa ratiba) inayopiga setsebool, amri ya swichi za sera, "ili kuhakikisha". Kila ukigusa swichi za sera, au kupakia sera upya, AVC nzima inafutwa. Tulifuta mstari mmoja.

Kuna aliyeuliza kwa nini kerneli imetumia Murmur badala ya SipHash, fomula ya heshi inayotumia siri. Funguo za avtab zinatoka kwenye sera ambayo msimamizi ndiye anayeipakia, mtu wa nje hawezi kuchagua funguo za kujaza droo moja makusudi. Ukiandika programu yako inayotafuta sheria kwa jina la mtumiaji au anwani inayotoka mtandaoni, hapo ni tofauti, tumia SipHash yenye siri ya nasibu.

Sasa mkuu, weka hapa uname -r, hash_stats ya AVC, na avcstat 5 ya dakika kumi hivi wakati mzigo ni mkubwa. Na utuambie kama unaendesha kontena za muda mfupi, hilo hukulisema.