Saratani ya ini kwa mtu asiyekunywa pombe

SWALI: Shikamooni. Baba yetu mdogo amefariki kwa saratani ya ini, naye hakuwahi kuonja ulanzi wala komoni. Wapo wanaosema amerogwa. Sisi tuliobaki tupime nini? Na mahindi yaliyoota ukungu huwa tunawauzia wapika komoni, je, kuna ubaya? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba, na poleni kwa msiba. Pombe ni kisababishi kimojawapo tu. Ulaya na Marekani inatajwa sana, pamoja na homa ya ini C na unene. Huku kwetu, kama ilivyo China, kinachoongoza ni kirusi cha homa ya ini B. Wengi hukipata utotoni, kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa damu ya wenzao, kikakaa kimya miaka 30 au zaidi. Mtu analima, anaoa, anasomesha, haumwi kitu.

Wote mlioishi na marehemu pimeni damu. Asiye nacho wala kinga yake achanjwe sindano 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Wengi huishia ya pili. Watoto huchanjwa kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14, ila chanjo hiyo iliingia nchini 2002, kwa hiyo watu wazima wengi hawakuipata. Atakayekutwa nacho ajue hiyo si saratani. Amwone daktari kuhusu dawa na ultrasaundi ya kila miezi 6.

Mahindi hayo yafukieni. Ukungu huacha sumukuvu, nayo ikikutana na kirusi B hatari huongezeka maradufu na zaidi. Komoni itokote kutwa nzima, sumu haifi. Mkimpa ng'ombe, itawarudia kwenye maziwa.

Jua la Juni hapo Mafinga ni la kubembeleza, basi anikeni juu ya turubai na mfunike kabla umande haujashuka. Kabla ya kufunga magunia, jaza theluthi ya chupa kavu ya kioo kwa mahindi, tia vijiko 3 vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika 1, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani, unyevu umepita asilimia 15. Hata isipoganda, anika siku nyingine, maana gunia linataka kama 13. Siku ya kusaga, chambueni punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye madoa, kisha koboeni. Dona ni tamu, lakini hubaki na pumba, na sumu nyingi hukaa humo.