Ishu inafunguka saa tano badala ya saa mbili

SWALI: Shikamoo fundi. Ofisini tuko wanne tu, kazi zote tunaziweka kwenye ishu za GitHub (kila kazi na ukurasa wake, ikiisha tunaufunga). Kila Jumatatu saa mbili asubuhi inatakiwa ifunguke ishu ya "Kagua bakapu", nikachoka kuiandika kwa mkono nikaweka GitHub Actions iwe inaifungua yenyewe, kwenye cron, ule mstari wa ratiba, nimeandika 0 8 * * 1 (dakika 0, saa 8 asubuhi ya kizungu, siku ya 1 yaani Jumatatu). Sasa inakuja saa tano watu washakunywa chai, halafu wiki ambayo hatujakagua inafungua nyingine juu yake, leo nimekuta ziko tano zimefanana kama mapacha. Nimekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Saa ndo imekuzingua. Hiyo cron kawaida inasoma UTC, ile saa ya dunia, na sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo 8 yako ni saa tano yetu. Afadhali wewe, kuna jamaa namjua kwake saa mbili ni 2 basi akaandika 2, ishu ikawa inafunguka saa kumi na moja alfajiri.

Chukua 8 toa 3, unabaki na 5. Ila usiandike 0 5, maana mwanzo wa saa ndo watu kibao wameweka za kwao, foleni inakuwa ndefu na yako inaweza kuchelewa au isifanyike kabisa. Weka 43 4 * * 1, hapo ni saa mbili kasoro dakika kumi na saba, hata ikichelewa kidogo mtaikuta.

Za kufanana sasa. Faili lako linaenda moja kwa moja kwenye gh issue create, amri ya kufungua ishu, bila kuuliza kama ya wiki jana imefungwa. Tengeneza lebo "bakapu" kwanza, uiongeze kwenye gh issue create kwa --label bakapu (lebo isipokuwepo amri hiyo itagoma), halafu juu ya huo mstari weka gh issue list --label bakapu --state open, ikuorodheshee zilizo wazi. Ikirudisha ishu yoyote usifungue mpya, tumia gh issue comment uandike "bado" kwenye ile ile ya zamani. Mimi naipenda hii kuliko ishu mpya, mtu akikuta "bado" nne zimepangana na jina lake liko pale juu, anaona aibu mwenyewe.

Ongeza na workflow_dispatch upate kitufe cha kujaribu sasa hivi, usisubiri Jumatatu. Na kama repo yenu, yaani hifadhi ya mradi, iko wazi kwa kila mtu, ikikaa siku 60 bila chochote kufanyika ndani yake GitHub inazima ratiba, utashangaa mbona kimya.

Zile tano funga nne, bakiza ya zamani kuliko zote uipachike hiyo lebo. Halafu ndugu yangu, ishu tano ni wiki tano hizo, hiyo bakapu kaikague leo leo!