Maswali na majibu: Tumewazidi wahenga kwa lipi?

Niliwaomba wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini wanieleze kama teknolojia ya leo imetufanya tuwe watu walioendelea kuliko wa kale. Nimechagua maswali manne.

Nina simu yenye maarifa ya dunia nzima. Wahenga wangenifikia wapi? (Kijana, Mafinga)

Kijana wangu, siku ukienda Iringa shuka Isimila, kabla hujafika mjini. Katika lile korongo la nguzo za udongo kuna mashoka ya mawe yanayokadiriwa kuwa na miaka kama 260,000. Litazame moja kwa karibu. Limebanduliwa vipande pande zote mbili, makali yanakutana kwenye ncha, na kulia kwake kunalingana na kushoto. Pigo moja baya lingelipasua. Aliyelichonga alijua jiwe lipi linafaa, pa kugonga, na kwa nguvu kiasi gani. Sisi simu tunaitumia tu. Mimi na wewe hatuwezi kutengeneza hata kioo chake. Maarifa yaliyomo humo yamerundikwa na vizazi vingi. Umerithi mengi kuliko yule mchongaji, lakini kurithi hakukuongezei akili.

Mama mkwe bado analima ngoro, na mimi nataka trekta. Nani yuko nyuma? (Mama, Mbinga)

Dada yangu, swali lako nimelipenda kuliko yote. Kwa wasiojua ngoro, kilimo cha mashimo cha Wamatengo wa Mbinga: nyasi hukatwa, huachwa zinyauke, kisha hupangwa kwenye mteremko kwa mistari inayokatizana hadi shamba zima liwe miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukiwa juu ya zile nyasi, hivyo yanabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage na mahindi hupandwa kwenye matuta. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni na kuzama taratibu badala ya kukimbia na udongo bondeni, na nyasi zilizofukiwa zinaoza na kuwa mbolea. Watu wamelima milima mikali namna hiyo kwa vizazi, na ardhi bado inazaa.

Sasa peleka trekta kwenye mteremko huohuo, lilime kufuata mteremko, halafu ungoje masika. Kwa hilo mama mkwe yuko mbele, wala sisemi hivyo kumfurahisha. Ila kuna upande unaonisumbua: wanaume walikata na kupanga nyasi, lakini kuchimba kwa jembe kuliwaangukia wanawake, na ni kazi ya kuvunja mgongo. Ufundi wenye nia njema ungemtafutia mama zana ya kuchimbia ngoro. Kuzifuta ngoro ni hasara.

Tumeambiwa chuma kililetwa na Wazungu. Ni kweli? (Mwanafunzi, Sumbawanga)

Si kweli, na wewe uko palepale penye ushahidi. Wafipa walijenga matanuru ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, yenye matundu chini ya kuvutia hewa, yakawaka bila mivukuto. Chuma kilichotoka kilisafishwa tena kwenye tanuru dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Waulize wazee wa kwenu. Mabaki ya matanuru hayo bado yapo Ufipa.

Baba, unawasifu sana wahenga. Ungekubali kurudi enzi zao? (Muuguzi, Tukuyu)

Hapana mwanangu, hata siku moja. Kwa sehemu kubwa ya historia, duniani kote, karibu nusu ya watoto walikufa kabla ya kuwa watu wazima. Mimi maendeleo nayapima hapo kwanza, kabla ya barabara na kabla ya intaneti. Ndui, iliyoua na kupofusha watu wasiohesabika, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Hapo tumewazidi, tena kwa mbali.

Lakini angalia kinga hiyo ilianzia wapi. Kabla ya Edward Jenner kufanya jaribio lake la chanjo mwaka 1796, watu wa Asia na Afrika walikuwa tayari wakichanja ngozi na kutia usaha wa mgonjwa wa ndui ili mtu augue kidogo na apone. Mji wa Boston, Marekani, ulijifunza njia hiyo kutoka kwa Mwafrika aliyekuwa mtumwa huko, Onesimus, na ukaijaribu katika mlipuko wa 1721. Kwa hiyo wanaokuja kliniki kwako wakikataa chanjo kwa kusema wanafuata njia za mababu, waambie mababu nao walichanja.