Maswali ya Wasomaji: Huyu Themerson aliwezaje filamu na vitabu vya watoto?

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa praimari huku Masindi, na si mnajua Nyabyeya kuna lile kanisa walilojenga wakimbizi wa Poland wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, basi nikaanza kutafuta habari za Wapolandi, nikakutana na jina la Stefan Themerson, dairekta wa filamu na pia mwandishi wa vitabu vya watoto. Mimi narekodi michezo ya wanafunzi wangu kwa simu na hadithi naandika pia, ila wenzangu kila siku wananiambia nichague moja. Huyu mzee aliwezaje vyote viwili? – Mwalimu, Masindi

JIBU: Mwalimu wangu, asante sana, swali hili limenifurahisha. Mimi navyoona, Themerson hakuwahi kuona kama ana kazi mbili, na ukifuata maisha yake utaona kwa nini.

Alizaliwa 1910 mji wa Płock, akaenda Warsaw kusoma fizikia, halafu akahamia mambo ya usanifu wa majengo, lakini akili yake yote ilikuwa kwenye picha. Huko ndiko alipompata Franciszka Weinles, mchoraji, wakaoana 1931, na hapa nakuomba kabisa, ukiwasimulia watoto wako usimwache huyu mama nyuma, maana filamu zote saba walitengeneza pamoja, na vitabu vingi vya watoto bwana aliandika na bibi akachora.

Filamu zao zilikuwa fupi fupi, za majaribio, zile ambazo hakuna mtu anazipangia foleni. Vitabu vya watoto na kazi za magazeti ya watoto ndivyo vilivyokuwa vinaleta mkate nyumbani. Sasa angalia aliwaandikia nini watoto: jinsi herufi zilivyozaliwa, barua inavyosafiri posta, na 1938 kikatoka Pan Tom buduje dom, kitabu cha Bwana Tom anayejenga nyumba, mtoto anasoma hadithi anacheka huku anajifunza nyumba inasimamaje. Na miaka mitatu kabla, 1935, walikuwa wametengeneza filamu ya Zwarcie kuhusu hatari za umeme, muziki wake ukatungwa na Witold Lutosławski ambaye baadaye alikuja kuwa jina kubwa duniani. Unaona? Mtu ni yuleyule, anachukua kitu tunachokipita kila siku anakigeuza mpaka kinashangaza, iwe kwa karatasi au kwa kamera.

Filamu ninayoipenda mimi ni Przygoda człowieka poczciwego, yaani kisa cha mtu mwema, ya 1937. Bwana mmoja wa ofisini anasikia mtu akisema kwamba ukitembea kinyumenyume mbingu haitatoboka, basi na yeye anaanza kutembea kinyumenyume, anashika kabati na mwenzake wanaingia nalo mpaka msituni, na watu wanaandamana kumpinga. Ni mchezo wa watoto kabisa ule, ila wanaocheza ni watu wazima, na ndio maana nasema hakuna mpaka kati ya kazi zake.

Halafu vita. Walikuwa wamehamia Paris 1938. Bibi akafika London 1940, bwana akakwama Ufaransa, hawakuonana mpaka 1942, na mwaka huohuo ndio wale Wapolandi waliotolewa Urusi wakapitia Uajemi wakaanza kufika huko kwenu Masindi, wengine wakaja kuwekwa Koja, Mukono. Kwa hiyo wakati mwandishi wao anahangaika kumfikia mke wake, kuna watoto wa Kipolandi walikuwa wanasoma shule Uganda, hilo wanafunzi wako wanastahili kulijua.

Vita hiyo ilikula filamu zao karibu zote za Poland. Europa, ya miaka ya 1931 na 1932, ilipotelea Paris na wenyewe walifariki wote wawili 1988 wakijua imeisha. Kumbe ilikuwepo! Ilipatikana 2019 kwenye hifadhi ya kumbukumbu za taifa Berlin, ikaonyeshwa London 2021. Mimi hii inaniuma, mwalimu, wamekosa kuiona. Tafadhali hizo vidio zako ziweke sehemu zaidi ya moja, simu hupotea.

London walitengeneza filamu mbili za mwisho, ya pili 1945, hapo wakaacha kamera. Wenzako watasema si unaona, alichagua. Mimi naona hapana. 1948 walianzisha nyumba ya kuchapa vitabu, Gaberbocchus, ikaenda mpaka 1979 na vitabu zaidi ya sitini, na kile cha Ubu Roi cha 1951, tamthilia ya Kifaransa iliyotafsiriwa, kina kurasa za njano, maneno yote mtafsiri kayaandika kwa mkono na Franciszka kachora katikati ya maneno. Ukifungua unaona kabisa hawa ni watu wa filamu. Endelea na vyote viwili.

SWALI: Nimesikia hao Themerson walikuwa wanapiga filamu bila vifaa vya maana. Walifanyaje? – Mwanafunzi, Mbale

JIBU: Ni kweli, na wewe unaweza kujaribu leo. Walikuwa na meza ya kioo, juu ya kioo wanatandaza karatasi inayopitisha mwanga, juu ya karatasi wanapanga vitu, majani, vyombo, chochote, taa inamulika kutoka juu na kamera iko chini inatazama juu. Kamera haioni kitu chenyewe, inaona kivuli chake. Wanapiga picha moja, wanasogeza taa au kitu kidogo, wanapiga nyingine, mpaka vivuli vinatembea. Simu yako inatosha, tafuta kioo cha dirisha kilichobaki kwa fundi, kiegemeze juu ya viti viwili, simu uilaze sakafuni. Fanya usiku, mwanga wa mchana utakuharibia, na funika kingo za kioo na kitambaa zisikukate.