Je, kumuuliza mtu kuhusu kujiua kunamtia wazo hilo?

SWALI: Ndugu Mshauri, baada ya kijana mmoja wa mtaani kwetu kujiua, majirani tumeunda kikundi cha kuwatembelea watu waliolemewa na mawazo. Wazee wanatukataza kulitaja neno lenyewe, wakihofia kwamba tutampa mwenye huzuni wazo ambalo hakuwa nalo. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, poleni sana kwa msiba huo. Hofu ya wazee wenu inatokana na huruma, lakini tafiti za miaka mingi hazijaonyesha kwamba kuuliza humtia mtu wazo hilo. Mara nyingi aliyelibeba peke yake hupata nafuu anapoona yupo anayethubutu kulisikia. Kaeni naye faragha, mmuulize kwa upole na bila kuzungukazunguka: “Je, umewahi kufikiria kujiua?” Kisha nyamazeni. Ukimya huo ni mzito, na wengi wetu huukatiza kwa mawaidha au kwa kumwambia ajikaze, ilhali ndipo alipokuwa akitafuta neno lake la kwanza.

Akikubali, msimwache peke yake wala msimwahidi kumtunzia siri hiyo. Waombeni watu wa nyumbani mwake waweke dawa na sumu za wadudu mahali asipoweza kuzifikia, nanyi mfuatane naye siku hiyohiyo hadi kituo cha afya.

Msidhani kwamba kusikiliza ni kazi ndogo kwa kuwa ninyi si madaktari. Nchini Zimbabwe, mradi wa Benchi la Urafiki, ulioanzishwa mwaka 2006 na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, huwaketisha akina bibi waliopewa mafunzo kwenye mabenchi ya zahanati ili wawasikilize wenye “kufungisisa”, yaani, kwa Kishona, kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba miezi 6 baadaye dalili za sonona zilikuwa chache kwa waliohudumiwa hivyo kuliko kwa waliopata huduma za kawaida.

Ninachowasihi zaidi ni kuzikumbuka siku zinazofuata. Aliyewahi kujaribu kujiua yumo hatarini zaidi, hasa majuma ya kwanza baada ya kutoka hospitalini, wakati wageni wameshapungua. Pangeni zamu za kumpigia simu na kumtembelea. Na wazazi wa kijana wenu, je, nani ameketi nao tangu mazishi? Waliofiwa kwa namna hii hubeba lawama na aibu hata mtaa ukaona haya kulitaja jina la marehemu mbele yao, ilhali wanatamani kulisikia likitajwa kwa upendo. Ziara yenu ya kwanza iwe kwao.