Usiizime simu, ipangie nani apite

Swali la wiki hii liliuliza: "Unawezaje kutulia kazini wakati simu haiachi kulia?" Wengi hujibu haraka: izime. Kwa karani wa ghala la dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, jibu hilo halimsaidii. Mteja wa Bujumbura anaagiza kwa simu, dereva wa fuso anaulizia mzigo kwa simu, na malipo yanaingia kwa simu. Akiizima, ni kama amefunga ghala. Anachoweza ni kuamua nani amkatize na saa ngapi, na kujua la kufanya kabla hajapokea.

Naanza na hilo la mwisho maana ndilo linalopuuzwa mno. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiiacha kazi haijaisha akashika nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka, na hiyo mpya anaifanya nusunusu. Nenda kwenye mzani uone. Karani yuko gunia la 17 kati ya 40, mzani umeshasoma, hajaandika, simu inaita. Anapokea. Wapagazi hawasubiri, wanashusha la 17 na kupandisha la 18. Akikata simu anaandika uzito anaouona, kwenye mstari wa 17. Jioni daftari lina magunia 39, gari lina 40, na kulitafuta hilo moja kunakula muda kuliko simu yenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kugusa simu, andika tarakimu iliyo mbele ya macho yako, piga mstari chini yake, kisha pembeni andika kinachofuata: "18 bado." Leroy na mwenzake Theresa Glomb walilipima jambo hili katika utafiti uliotoka mwaka 2018, wakakuta kwamba anayeandika kwa kifupi alipofikia na kilichobaki huishughulikia vizuri zaidi ile kazi iliyomkatiza. Ni sekunde chache tu, na simu haitakatika kabla hujamaliza. Na wapagazi wakubaliane na karani kwamba gunia halishuki mzanini mpaka aseme "tayari".

Sasa simu yenyewe. Ikiwa ni ya laini mbili, moja iwe ya kazi tu, na kila laini iwe na mlio wake, ili sikio liamue kabla mkono haujaenda mfukoni. WhatsApp nazo zitenganishwe: WhatsApp Business kwenye laini ya kazi kwa wateja, ile ya kawaida kwa ndugu, jumuiya na kikoba.

Makundi ndiyo yanayomaliza watu, kuliko hata simu za kupigwa. Tazama mchango wa harusi: kila anayeahidi ananakili orodha yote, anaongeza jina lake na elfu hamsini yake, anairusha upya. Kundi la watu 60 linaweza kukuletea orodha ile ile mara 60 wiki moja. Linyamazishe. Utaulizwa iwe kwa saa 8, wiki 1 au daima; chagua daima, bila kuogopa kwamba utapitwa, maana ukitajwa au ujumbe wako ukijibiwa, arifa huweza kukufikia. Zima pia kujipakua kwa picha na video, vinginevyo bando linakwisha na simu inakuwa nzito saa ile ile unayoihitaji.

Mtetemo nao uzimwe. Wengi huondoa sauti wakaiacha simu itetemeke juu ya meza ya mbao, na wanadhani wameinyamazisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida walichapisha mwaka 2015 matokeo kwamba arifa peke yake, hata mtu asipoishika simu, inatosha kumharibia kazi inayohitaji umakini.

Kwa saa za hesabu tumia Usinisumbue, ipo kwenye Mipangilio ya Android. Ruhusu simu za watu uliowawekea nyota tu: bosi, dereva, mtu mmoja wa nyumbani. Washa na kipengele cha wanaopiga tena: namba ile ile ikirudia ndani ya dakika 15, inapita. Waambie wateja kabisa kwamba la dharura wapige mara mbili. Kinachowakwamisha wengi hapa ni kwamba SMS za malipo nazo hunyamaza, hivyo iongeze programu ya SMS kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. (Na mzigo usitoke kwa SMS anayokuonyesha mnunuzi kwenye simu yake. Angalia salio lako mwenyewe.)

Saa zenyewe zifuate ziwa. Mitumbwi inarudi alfajiri, kwa hiyo asubuhi ni ya kupokea na kupima, usijidanganye kwamba utafunga hesabu muda huo. Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa 1, basi anayeanza kazi kule saa 2 kwetu ni saa 3, na maagizo yake hupishana kidogo na ya wateja wa hapa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika na simu zinapungua. Siku hizo ndizo za kulinganisha daftari na taarifa ya benki na ya miamala ya simu.

Haya yote bosi akiyapinga hayasimami. Mkubaliane mapema kwamba la haraka linapigiwa simu, na la WhatsApp linajibiwa saa 4, saa 7 na saa 10. Na agizo la mzigo lisirushwe kwenye kundi la watu wote, litafunikwa na salamu. Liende kwa karani peke yake, likiwa na jina la mteja, idadi ya magunia na namba ya gari, naye ajibu "nimeandika" akishaliandika daftarini, si kabla.