Kampuni ikivunja ahadi ya kuku, kuisema ni kusengenya?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nafuga kuku wa mayai Uyole, Mbeya. Kampuni moja yenye mahoteli ilitangaza kwamba mwaka 2025 ukiisha itakuwa imeacha mayai ya kuku wa keji, wale wanaofungiwa kwenye vizimba vya waya. Nikapanua banda, nikaweka viota. Mpaka leo wananunua ya keji, na tangazo bado limebandikwa mapokezi. Nikilisema hilo, mume wangu ananiambia nasengenya. Ni kweli?

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Hapana, maadamu una uhakika. Imamu Nawawi ametaja sababu sita zinazohalalisha kumsema mtu asiyekuwepo, na mbili zinakuhusu: aliyedhulumiwa kushtaki kwa mwenye uwezo wa kumsaidia, na kuwatahadharisha watu. Mgeni anayeagiza mayai pale kwa kuliamini lile tangazo anastahili kutahadharishwa.

Watakwambia hapakuwa na mkataba. Hapo wanazuoni wamekhitilafiana. Kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, kutimiza ahadi ya namna hii ni sunna iliyotiliwa mkazo, na kuivunja ni makuruhu kubwa, yaani jambo la kuchukiza sana ingawa si haramu. Kauli mashuhuri ya Wamaliki, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Malik, ni kwamba ahadi ikimwingiza mtu katika gharama, inamlazimu aliyeitoa hata mbele ya kadhi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, lilikwenda karibu na hapo. Mimi ni Mshafii, lakini nikifikiria mbao na mabati yako, moyo wangu uko kwa Wamaliki.

Ila tuwe wakweli, mama. Hawakuahidi kununua mayai yako. Waliahidi kutonunua ya keji. Usiende kudai soko ukaliita ahadi.

Na anayeumia kwanza si wewe. Iko hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini. Sitaivuta kupita mpaka wake, maana kuku wa keji anakula na kunywa. Lakini niliwahi kuingia kwenye banda la keji, nikamwona mmoja amelala ubavu juu ya waya, anapigapiga mbawa na kukwangua, anaoga vumbi. Vumbi lenyewe halipo. Umoja wa Ulaya ulishapiga marufuku keji za aina hiyo, zisizo na kiota wala pa kukwangua, tangu 2012.

Basi waandikie kwanza kwa faragha: katika kila trei kumi mnazonunua leo, ngapi si za keji? Suratul Hujurat aya ya 6 inatutaka tuhakikishe. Huenda wamefika nusu ya safari. Wakikaa kimya na tangazo likabaki ukutani, ipo Tume ya Ushindani, inayoshughulikia matangazo ya kupotosha. Usiseme tu kwamba mayai yao ni haramu. Ni halali.

Na Juni hii baridi ya Uyole ikikaza, usizibe banda lote kwa maturubai. Hewa isipopita maranda hulowa, na ile harufu inayokuchoma macho kwa dakika tano, kuku wako wanalala nayo.